Haiwei Inapanuliwa, Watu wa Kikopey Wataenda Wapi?

Tangu Rais Ruto azindue upanuzi wa barabara ya Rironi–Mau Summit Novemba 2025, wasee wanabishana juu ya kitu kimoja tu: bob 8 kwa kila kilomita. Sawa, hiyo doo inauma, na kampuni za China pamoja na NSSF (yaani pensheni yetu wenyewe) lazima warudishe pesa yao. Lakini mimi wa Kabazi nina swali lingine. Hizi town za kando ya barabara ziko wapi kwenye hiyo ramani?

Trela inatoka bandari ya Mombasa, inaenda Malaba, kisha Uganda, Rwanda, hadi Kongo. Njiani dereva anakula, analala, tairi inapasuka, kredo inaisha. Kinungi kuna wamama wa viazi na karoti. Kikopey ni mbuzi choma. Salgaa bila malori haingekuwa town. Hakuna serikali iliyopanga hizo kazi. Watu waliona gari zimesimama, wakawasha jiko. Na hata sisi ambao haiwei haitupitii, kijana akikosa kibarua huku anajaribu bahati huko.

Sisemi barabara iachwe vile iko, zii. Januari 2009 watu zaidi ya 100 walikufa Sachangwan, wengi walikuwa wameenda kuchota mafuta kwenye lori lililoanguka. Desemba 31, 2017, wengine 36 wakaenda pale Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori zilipogongana uso kwa uso. Ndio baadaye wakajenga ukuta wa kutenganisha pande mbili. Kwa hivyo barabara pana naunga mkono kabisa. Mwenye anapinga hajawahi kukwama nyuma ya trela akipanda Mau Summit.

Shida ni kwamba ukishaweka ukuta katikati, wateja wa upande ule mwingine wanakupita tu. Mama wa viazi anapoteza nusu ya soko kwa siku moja. Atafanya nini? Atavuka na gunia, na sasa gari zinakimbia kuliko zamani. Thika Road tuliona hiyo sinema: daraja la miguu liko juu, na bado watu wanagongwa chini.

Kama tutalipa, basi tulipie kitu kamili. Mahali pa malori kusimama, penye taa na vyoo, pawe kwenye town yenyewe, si kilomita tano mbele kwa ploti ya mheshimiwa. Vivuko viwekwe pale watu washazoea kuvuka. Vibanda wapewe kwanza wale wamekuwa wakiuza hapo miaka yote. Na kabla tingatinga lifike Kikopey, mwenye choma aonyeshwe kwa maandishi anahamia wapi, lini, na kodi ya huko ni pesa ngapi.