Malisho ya Kitengela: Ua Mdogo, Nyika Wazi

Zamani, mvua ziliponyesha, maelfu ya nyumbu waliitoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi wakaenda kula nyasi katika nyika za Kitengela. Siku hizi seng'enge imewafungia njia, nao wamepungua sana. Seng'enge hiyo humfungia ng'ombe pia: ukame ukija, kama ule wa mwaka 2009 ulioua mifugo mingi Kajiado, hana pa kuhamia.

Yafaa mfugaji aifuate desturi ya Wamaasai ya olopololi, yaani kipande kidogo cha malisho karibu na boma, kilichotengwa kwa ajili ya ndama. Hapo pazungushiwe ua wa miiba. Ardhi iliyo tupu ilimwe juu juu, na vijifereji vichimbwe kuzuia maji. Kabla ya mvua ipandwe Eragrostis superba, nyasi ya asili istahimiliyo ukame. Mbegu zifunikwe kwa udongo kidogo tu. Mifugo isiingie mpaka nyasi zimekomaa na kudondosha mbegu.

Nje ya ua huo, ardhi iachwe wazi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kila mwaka, wasiitie ua wala kuiuza. Malipo huweza kukoma. Lakini mwenye nyasi na njia ana akiba, na akiba haiozi.