Boban si teke la polisi tu

Kila mara jina la Zvonimir Boban, kapiteni wa zamani wa Kroatia, linapotajwa kati ya wapenzi wa kabumbu, hadithi ni ile ile: siku alipompiga polisi teke. Wanaoisimulia wanadhani wanamsifu. Kwa kweli wanampunguza.

Kisa chenyewe kilitokea tarehe 13 mwezi wa tano 1990, katika uwanja wa Maksimir mjini Zagreb. Dinamo Zagreb ilikuwa icheze na Crvena Zvezda ya Belgrade. Mashabiki wa pande mbili wakapigana, na mchezo haukuchezwa. Boban, wakati huo kijana wa miaka 21, aliona polisi wakimpiga shabiki wa Dinamo, akaruka na kumpiga mmoja wao teke. Shirikisho la kabumbu la Yugoslavia likamfungia, na Kombe la Dunia la mwaka ule kule Italia likampita.

Wako wanaosema teke lile lilianzisha vita. Huo ni uongo mtamu. Raia wa Kroatia walikuwa wamekwisha kupiga kura, na chama cha Franjo Tuđman kilikuwa kimeshinda kabla ya siku ile. Vita ya Kroatia ilikuja mwaka 1991, nayo ilitoka mikononi mwa wanasiasa na wakubwa wa majeshi, si miguuni mwa mchezaji. Tena polisi yule hakuwa Mserbia kama wengi walivyodhani. Alikuwa Mwislamu wa Bosnia, na baadaye alimsamehe Boban. Anayefanya kisa hiki kuwa fahari ya kabila moja juu ya lingine anajidanganya mwenyewe.

Ujasiri ulikuwepo, na Boban aliulipia. Lakini mcheza kwao hutunzwa. Siku ile maelfu ya watu wa mji wake walikuwa nyuma yake.

Tuseme basi yale yanayosahauliwa. Akiwa na AC Milan, Boban alitwaa ubingwa wa Italia mara 4, na mwaka 1994 alikuwa ndani ya ekipe iliyoifunga Barcelona 4–0 katika fainali ya Ulaya. Mwaka 1998 aliiongoza Kroatia, nchi changa, katika Kombe lake la Dunia la kwanza, ikamaliza ya tatu. Hata katika sifa hizo kuna doa: kwenye nusu fainali na Ufaransa, Kroatia ilipokuwa mbele, ni Boban aliyenyang'anywa mpira karibu na lango lake, na Lilian Thuram akasawazisha. Ufaransa ikashinda 2–1. Mtu mzima ana siku za namna hiyo pia. Sanamu ndiyo haina.

Lakini jambo linalostahili kusimuliwa kwa vijana lilitokea mwezi wa kwanza 2024, mbali na uwanja. Boban alikuwa mkuu wa mambo ya kabumbu katika UEFA, akifanya kazi chini ya rais Aleksander Čeferin. Mwaka 2017 Čeferin mwenyewe ndiye aliyeleta sheria ya kwamba rais asizidi mihula mitatu. Sasa likaja pendekezo la kugeuza sheria hiyo, ili muhula wake wa kwanza usihesabiwe na aweze kugombea tena mwaka 2027. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa mchezo wa namna hiyo.

Boban alipinga. Hakusikilizwa, akaacha kazi. Hapakuwa na mashabiki wa kumshangilia. Siku chache baadaye, katika mkutano mkuu wa Paris, mashirikisho karibu yote yaliukubali ugeuzi ule. La England ndilo lililopiga kura ya kukataa. Siku ile ile Čeferin akatangaza kwamba hatagombea mwaka 2027.

Wengine watasema: mtu aliyelipwa vizuri Milan anaweza kuacha kazi bila kuogopa njaa. Ni kweli. Lakini wakubwa walioinua mikono Paris, ni nani kati yao aliyekuwa anaogopa njaa? Walikuwa na nafasi ile ile ya kusema hapana. Walinyamaza.

Kumpiga teke mtu unayemwona adui, hasira inatosha. Kumwambia mkubwa wako, anayekulipa, kwamba anavunja neno lake, kunahitaji kitu kingine, na hicho ndicho kinachokosekana katika mashirikisho mengi.

Tangu mwaka 2025 Boban mwenyewe ni rais wa Dinamo Zagreb. Apimwe kwa kipimo alichompimia Čeferin. Siku muda wake utakapokwisha, wanachama wa Dinamo wasimwangalie miguu. Wamwangalie kama anajua kusimama kitini na kuondoka.