Ukirudi safari, mbele ya kikwembe toa habari

Mutu akitoka safari, watoto hawaangalii uso wake, wanaangalia sakoshi. Njo vile kwetu, tangu Kolwezi mupaka Kipushi. Hata jirani mwenye hamusalimiane naye miezi mitatu, siku ile anapita mulangoni kuuliza habari ya njia. Hatusemi ni mubaya. Zawadi ya safari ni alama ya kusema: kule nilikuwa, nilikukumbuka. Lakini leo sisi madelege wa sendika tunataka kusema neno moja juu ya mizigo tunayoleta, na neno lile linaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Miaka michache imepita, wanamemba walituchangia feza, tukaenda watu wanne ku Kitwe, Zambia, kuonana na wachimbaji wenzetu. Tulitoka Lubumbashi mapema sana. Ku Kasumbalesa tukakuta kamyo zimepangwa kilometa kwa kilometa, zimebeba shaba yetu kuipeleka Durban na Dar es Salaam. Shaba inasafiri kuliko sisi wenye kuichimba, tukacheka. Tulipovuka, gari ikahamia mukono wa kushoto, maana kule ni vile wanaendesha. Yaya mumoja wa kwetu alishika kiti kwa mikono miwili mupaka Chingola. Kila gari iliyokuja mbele, alifikiri itatupiga uso kwa uso.

Tuseme ukweli, tulifurahi. Walitupokea na bukari, wao wanaiita nshima. Ni nyeupe, ni ya mahindi peke yake. Siye tumezoea kuchanganya na unga ya muhogo, basi siku ya kwanza tuliona inakosa nguvu. Siku ya tatu tulikuwa tunaomba tena. Walitupikia majani na karanga za kutwanga, wanaita ifisashi, na kapenta ya kukaanga na nyanya na kitunguu. Mwenyeji wetu akasema kapenta hii inatoka ziwa Kariba. Kumbe samaki hii haikuzaliwa kule. Mu miaka 1967 na 1968 walichukua watoto wa samaki ku ziwa Tanganyika, wakawatia mu Kariba, wakazaa. Yaya yetu wa Kalemie akaacha kula, akasema: « Basi hii ni ndugu yangu, nayo ilitoka kutafuta kazi! » Meza nzima ikaanguka kwa kicheko.

Ku soko la Chisokone, mu Kitwe, mama mumoja alitukatia chikanda. Ni ile kikanda wamama wetu wanapika: mizizi ya porini na karanga na pilipili, inakauka inakuwa sawa nyama, wanaikata vipande vipande. Tulikunywa na munkoyo. Tulikuwa tumevuka mupaka, tumeonyesha paspor, tumepigwa kashe, na kinywa chetu kilikuwa bado nyumbani. Hata kusalimia haikuwa shida: wao Kibemba, na kwetu wengi tunakisikia.

Sisi pia hatukuenda mikono mitupu. Tulibeba musalaba mudogo wa shaba, ule mafundi wa Lubumbashi wanatengeneza kwa mufano wa ile ya wababu. Zamani musalaba ule ulikuwa feza. Waliutosha mu makaburi ya kale ya Sanga, kule Upemba. Muzee mumoja wa sendika ya kule akaupokea kwa mikono miwili, akasema hata ku upande wao wanaokotaka misalaba ya namna hii mu ardhi. Jiwe ni moja. Mupaka ulikuja nyuma.

Siku iliyofuata walitupeleka Mufulira. Kule hakukuwa mambo ya kununua. Muzee mumoja wa pansio, aliyepoteza kaka yake, alitueleza usiku wa tarehe 25 mwezi wa tisa 1970. Takataka ya mine, ile matope inayobaki kiisha kutosha shaba, ilikuwa imelundikwa juu ya ardhi, paka pale juu ya sehemu walikuwa wanachimba. Ardhi ikashuka, ikatoboka. Matope ikaingia mu mashimo, na ekipe ya usiku iko chini. Wakafa watu 89. Muzee hakulia. Alituuliza tu: « Kwenu, nani anajua nini iko juu ya kichwa ya mwenye kuwa chini? » Hakuna hata mumoja wetu aliyejibu.

Mbele ya kurudi, wenzetu wakatupatia karatasi kila mutu, kwa Kiingereza. Ilikuwa juu ya Mapatano namba 176 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, yaliyopitishwa 1995, juu ya usalama na afya mu mamine. Zambia iliyakubali 1999. Walitusomea kipande cha 13 na kutufasiria polepole. Kinasema mufanyakazi wa mine ana haki ya kujua hatari zilizoko ku kazi. Ana haki ya kuomba mukaguzi aje. Ana haki, yeye na wenzake, kuchagua wajumbe wa usalama. Na kama ana sababu nzuri ya kuamini kama kuna hatari kubwa kwa maisha yake, ana haki ya kutoka mahali pale. Na asilipiziwe juu ya kutumia haki ile.

Tukapiga mikono. Tukakunja karatasi.

Sasa sikieni namna tulirudi. Ku Kasumbalesa tulikuwa na mifuko minne ya unga, ya kilo 25, ile wanaita breakfast. Tulikuwa na vikwembe, na kapenta mu kikapu, na chikanda iliyofungwa mu plastiki. Tulifika magaribi. Kabla ya kulala, kila kikwembe kilikuwa kimepata mwenyewe, kapenta imegawanywa mupaka kwa bashemeki, na majirani wamesikia habari ya gari za mukono wa kushoto mara tatu. Ku mukutano wa sendika tulisema: « Safari ilienda muzuri, wenzetu wanawasalimu. » Wakapiga mikono. Njo raporo yote. Karatasi ilibaki juu ya kabati ya delege, chini ya kikapu kile, mupaka ikanuka samaki.

Ilikaa pale miezi nane.

Mu mwezi wa nane ule, kijana mumoja wa ekipe yetu, musaidizi wa masini ya kutoboa, aliona jiwe la juu linalia vibaya akilipiga na chuma. Sauti ya utupu. Kila mwenye kufanya chini anaijua. Akamwambia shefu. Shefu akasema: maliza kwanza, tutaangalia kiisha. Kijana akarudia mahali pake. Alikuwa na mutoto wa miezi miwili na kontra ya muda mufupi. Alifikiri kukataa ni kufukuzwa. Jiwe likashuka. Mungu alimuacha na roho, lakini muguu wa kuume walimukatia ku lupitali. Leo anauzisha inite za telefone mbele ya kambi. Tukipita anatusalimia muzuri sana, anatuita « bakubwa ». Salamu ile njo inatuuma.

Mukubwa wa kosa ni yule aliyemurudisha chini ya jiwe, na mambo ile sendika iliifuata mahali pake. Lakini leo tunaongea yetu. Sisi tulijua kitu ambacho yeye hakujua. Tulikipata kwa feza yake, maana naye alikuwa anakatiwa muchango kila mwezi. Alitulipia bisi, alitulipia chumba, alitulipia ile nshima. Na sehemu yake ya safari ilikuwa juu ya kabati.

Kuna watakaosema: « Karatasi ya Zambia si sheria yetu, ingesaidia nini? » Tunajibu: hatukusema ni ya kupeleka mbele ya tribinali. Ni ya kufungua macho, na ni ya kuweka mezani siku ya kujadili konvansio kolektivu na mukubwa wa kazi. Mutu mwenye kujua kama ngambo ya mupaka, ku jiwe lile lile, mwenzake anaweza kusema « mimi natoka hapa » na akarudi kesho kazini, huyo hasimame tena vile vile mbele ya shefu. Na hasimame peke yake: ekipe nzima inajua.

Wengine watasema: « Delege naye ni mutu, muache alete zawadi yake, apumzike. » Ni kweli. Hatutaki kukataza kikwembe. Mama wa nyumba aliyebaki na watoto siku sita anastahili kikwembe. Tunasema tu kama kikwembe ni cha nyumba moja, na habari ni ya kambi yote. Anayetumwa na wengi arudishe kwa wengi.

Tena si madelege peke yao. Wamama wanaovuka Kasumbalesa kila juma kutafuta unga wanajua mambo mengi kuliko siye wa mikutano. Mwezi wa pili 2025, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la takataka ya mine ulipasuka, maji ya asidi ikaingia mu mito mupaka mu Kafue. Samaki zikakufa, na Kitwe wakafungiwa maji ya robine. Mu kambi yetu, wa kwanza kutuletea habari hakuwa delege. Ilikuwa mama muuza kapenta. Alisema: « Bababa, kule mabwawa yanapasuka. Hii ya kwetu, nani anaiangaliaka? » Lilikuwa ulizo la muzee wa Mufulira, na yeye hakumusikia hata siku moja. Siye tuliomusikia hatukuwa tumeuliza.

Basi tumekubaliana mu seksio yetu mambo ine, na tunaomba seksio zingine zifanye vile ao zaidi.

La kwanza: anayetumwa na sendika, mu siku saba za kurudi, asimame mbele ya watu mu kambi, siku ya yenga kiisha misa, na wamama wawepo. Aseme nini alikula, tunapenda kusikia, lakini aseme pia nini aliona chini ya ardhi: wanalinda namna gani jiwe la juu, nani anachagua wajumbe wa usalama, mutu akikataa mahali pa hatari inakuwaje.

La pili: karatasi yoyote inayokuja kwa Kiingereza ao Kifaransa itafasiriwa kwa Kiswahili, ukurasa moja, na kubandikwa pale tunachukulia malampe. Ile yetu ya Kitwe, mwalimu mumoja wa kartie aliifasiri kwa magaribi mawili tu. Magaribi mawili! Siye tuliipa miezi nane.

La tatu: asiyetoa raporo hasafiri tena na feza ya muchango. Hata akiwa mukubwa.

La ine: mu kila safari, mumoja awe kijana wa chini, ao mama. Wazee tumezoea, macho yetu yanakimbilia soko. Kijana ataangalia kaske na bote za wenzake, na atauliza bei ya bote ile na nani anailipa.

Mbele ya kubandika karatasi, tulienda kumuona yule kijana wa inite. Tulimusomea kipande cha 13, tukamuambia ilikuwa kwetu tangu wakati gani. Alinyamaza sana. Kiisha akauliza: « Bakubwa, sauti ya utupu, njo ile beko naita sababu nzuri? » Tukasema ndiyo, njo ile. Akasema: « Basi bandikeni na pale kwa bakontra ya muda mufupi, juu bale habakuyake ku mikutano. » Tumebandika.

Kwa hiyo, wamama wa makambi, tunawaomba neno. Siku baba atarudi kutoka Kitwe, ao Johannesburg, ao mbali zaidi, mupokee vizuri. Mumupatie maji ya kuoga na bukari ya moto ya kwetu, yenye muhogo. Pokeeni kikwembe, museme asante. Kiisha, watoto wakisha lala, mumuulize: umetuletea karatasi gani? Na kama anaangalia juu ya kabati, musimuache alale.