Pampu Haifi Ghafula

Juma hili sina habari za mbali. Nataka tuzungumze juu ya kile chuma kisimamacho katikati ya kijiji, au nyuma ya nyumba yako kama umejaliwa kuwa na kisima chako mwenyewe: pampu ya mkono. Kila mtu huishika kila siku, wala hakuna aitazamaye. Kisha asubuhi moja inakataa, nasi twasema, "Pampu imekufa ghafula." Si kweli. Pampu huugua miezi mingi, nayo husema. Shida ni kwamba wanaoisikia ni akina mama na watoto, na wenye kutoa fedha ya kuitengeneza ni wengine.

Kwetu ilikuwa hivyo. Akina mama walituambia, "Mpini unacheza, tena unalia." Sisi wazee tukajibu kwamba chuma hulia, ndiyo tabia yake. Kumbe zile bushi za plastiki ambazo mpini hugeukia zilikuwa zimekwisha, na chuma kilikuwa kinasaga chuma. Bushi ni kitu kidogo, bei yake haifiki bei ya kuku. Tulipokuja kuamka, pini ilikuwa imeliwa, mpini umeliwa, na kichwa cha pampu kimeharibika. Ilitupasa kuuza mbuzi. Kwa majuma tisa watoto walichota mtoni, na binti wa jirani yangu akalazwa kwa homa ya matumbo, akakosa mtihani wa darasa la saba. Tangu siku ile nimejifunza kusikiliza.

Basi shika mpini wa pampu yako, uusukume upande huu na upande huu. Ukicheza kushoto na kulia, bushi zinakwisha. Tazama na nati zote, hata zile za chini zinazoshika pampu kwenye zege. Hapo huhitaji fundi, wahitaji macho na spana.

Ya pili ni ile shida ya asubuhi, kupiga na kupiga kabla maji hayajaja. Chini kabisa ya bomba kuna kilango kinachozuia maji yasirudi kisimani. Kilango kikichakaa, au raba yake ya duara ikiliwa, maji hushuka usiku kucha. Kwa pampu za Afridev, ambazo ni nyingi katika nchi zetu, kipimo chake ni hiki: piga mpaka maji yatoke vizuri, kisha acha nusu saa asiguse mtu. Halafu piga tena, ukihesabu. Kama maji hayajatoka kwa mapigo matano, yanavuja mahali.

Kipimo cha tatu kinataka ndoo na saa. Maji yakiwa yanatoka vizuri, weka ndoo, piga mapigo 40 kamili kwa dakika moja. Yapasa kupata lita 10, yaani nusu ya ndoo kubwa. Ukipata pungufu, huenda ile raba ipandayo na kushuka ndani ya silinda imekwisha.

Lakini hapa ngoja kidogo, maana wengi hupoteza fedha zao. Wakati wa kiangazi maji ya ardhini hushuka. Kama pampu yatoa vizuri mwanzo, kisha yaanza kukohoa na kutema hewa, na ukiiacha ipumzike yatoa vizuri tena, basi pampu yako ni nzima. Kisima ndicho chenye kiu. Usinunue raba. Punguza kuchota, pangeni zamu, mkamwulize mjuzi wa visima kama silinda yaweza kushushwa chini zaidi. Pampu mbovu haiponi kwa kupumzika.

Mpini ukiwa mwepesi ghafula, kama unapiga hewa tupu, na maji hakuna, basi fimbo za chuma zimekatika au zimeachana huko chini. Acha mara moja, usimwache kijana mwenye nguvu ajaribu bahati yake. Ukiona mchanga ndani ya ndoo, acha vilevile ukamwite fundi, kwa kuwa mchanga husaga raba na silinda upesi. Maji mekundu yenye ladha ya chuma, yanayofanya chai kuwa nyeusi, mara nyingi yaonyesha kutu ya mabomba. Na maji yakichafuka baada ya mvua, tazama zege: kama lina ufa, uchafu wa juu unaingia kisimani hata kama pampu yatoa maji tele. Chemsheni maji ya kunywa mpaka ufa uzibwe na kisima kitiwe klorini.

Afridev zilitengenezwa miaka ya 1980 kwa shabaha kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuzifungua. Pale Kwale, Kenya, zilijaribiwa sana. Kwa hiyo msiogope. Badilisheni raba na bushi kila mwaka, hata kama hazijalia. Mkizitoa fimbo, msizilaze kwenye matope, zilazeni juu ya miti safi. Kinachorudi kisimani ndicho mtakachokunywa.

Mtaniuliza fedha. Kwetu kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi, na sanduku lina kufuli mbili na funguo kwa watu wawili. Daftari la mapigo anaandika mama mmoja akaaye karibu na kisima. Kila Jumamosi hupima, huandika namba mbili tu. Spana pia iko kwake. Zamani ilikaa kwa mwenyekiti, lakini mwenyekiti husafiri.