Naitrojeni Yako Yatoka kwa Mlango wa Boma

Mkulima, ile harufu kali inayowasha pua katika boma la ng'ombe asubuhi si harufu ya ng'ombe tu. Ni amonia, yaani naitrojeni, chakula cha mahindi, ikipanda hewani. Kwa maoni yangu ni aibu kuiacha iende hivyo, kisha kusimama kwenye mstari kununua mbolea.

Tufanye hesabu. Gunia la mahindi la kilo 90 huondoka na naitrojeni kilo 1 na robo hivi. Ukivuna magunia 20 kwa eka, umetoa kilo 25, mbali na mabua. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una kilo 13 hivi tu, basi kila mavuno yamekula mifuko miwili. Skimu zilipoanza kugawanywa katika miaka ya 1960, mashamba mengine yalikuwa malisho ya siku nyingi, na udongo ulikuwa na akiba. Mahindi juu ya mahindi yameila akiba hiyo, na anayechoma mabua huituma iliyobaki mbinguni pamoja na moshi.

Hewa tunayovuta ni naitrojeni karibu sehemu 78 kwa 100, lakini mahindi hayawezi kuila. Wanaoiweza ni vijidudu vya mizizini mwa maharagwe, njegere, lusini na desmodiamu. Ng'oa mharagwe unapotoa maua, upasue vinundu vya mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, kazi inafanyika. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hakuna kitu. Lakini usidanganyike, maharagwe ni mvivu wa kazi hii, na punje zake huondoka na sehemu kubwa ya alichopata. Lusini ni hodari zaidi.

Ng'ombe akila lusini, naitrojeni kidogo huingia katika maziwa. Nyingi hushuka chini, na karibu nusu ya hiyo imo katika mkojo. Hapa ndipo twapoteza, maana kila mtu huchota mavi na kuuacha mkojo. Tandika nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa yaunyonye. Lundo la samadi liweke kivulini, ulifunike kwa majani ya migomba au udongo lisipigwe na jua na mvua. Siku ya kuitawanya shambani, ifukie siku hiyo hiyo.

Wako wasemao mbolea ya duka huharibu shamba. Sikubaliani nao, mahindi mengi hayatapatikana kwa samadi ya ng'ombe wawili peke yake. Lakini CAN itie mahindi yafikapo magotini, udongo ukiwa na unyevu, wala si wakati wingu zito limekwisha simama. Mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi au kuipeleka mtoni. Ya Trans Nzoia hushuka na mto Nzoia mpaka Ziwa Viktoria, ikawalishe magugumaji yanayowafungia wavuvi njia.

Na lori likija kununua samadi, mwulize mwenye lori anaipeleka kwa nani, na kwa nini huyo anaitaka sana.