Akiba Iliyofichwa Ndani ya Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta nyingi za mkononi zilizokuwa zikiutumia hazikuwa na sifa za kupokea Windows 11, na baadhi ya wenye nazo wamegeukia mifumo ya bure ya jamii ya Linux, kama vile Ubuntu. Uamuzi huo si mbaya. Kompyuta iliyonunuliwa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara haitupwi kwa kuwa kiwanda kimeichoka. Hasara huja siku ya kuweka mfumo mpya, mtu anapofuta asichokijua.

Diski ya kompyuta hugawanywa kama nyumba yenye vyumba. Chumba kikubwa kina Windows pamoja na kazi za wenyewe. Kando yake kimo kingine kisichoonekana katika matumizi ya kila siku, nacho ni sehemu ya kurejeshea. Watengenezaji walipoacha kutia visahani vya Windows katika boksi, sehemu hiyo ndiyo iliyobeba mfumo mzima kama ulivyotoka kiwandani, na mara nyingi ilichukua gigabaiti 10 hadi 20. Katika mashine nyingi za siku hizi ni ndogo, karibu gigabaiti 1 au pungufu, nayo ina vyombo vya kutengenezea Windows inapokataa kuwaka. Ikifutwa, na siku moja familia ikataka kurudi katika Windows, au kuiuza mashine ikiwa kama mpya, itabidi kuvuta gigabaiti kadhaa kutoka mtandaoni kwa vifurushi vya kulipia.

Hapa jamaa wengi hukosea. Sehemu hiyo haihifadhi picha za harusi, wala barua, wala masomo ya watoto. Kinyume chake, mtu akiamuru kompyuta irudi katika hali ya kiwandani, kazi hizo zaweza kufutika zote, na Linux pia. Kwa hiyo mambo ya familia yapasa kunakiliwa kwanza katika diski ya nje.

Baada ya hapo hutengenezwa flashi ya kurejeshea. Windows yenyewe ina programu ya kazi hiyo, nayo huonekana mtu aandikapo neno “recovery” katika nafasi ya kutafutia. Flashi iwe ya gigabaiti 16 au, heri zaidi, 32. Tena iwe tupu, maana yote yaliyomo hufutwa. Alama ya kukubali kunakili faili za mfumo isiachwe.

Nafasi ya Linux hupatikana kwa kupunguza chumba kikubwa, na kazi hiyo ifanywe ndani ya Windows, kwa programu yake ya kusimamia diski. Kisha programu ya kuweka Linux huuliza kama ifute diski yote au ikae pamoja na Windows. Jibu la kwanza ni jepesi, na fundi mwenye haraka hulipenda. Ndilo linalofagia nyumba nzima pamoja na akiba yake. Yafaa mwenye mali awepo wakati swali hilo linapojibiwa.

Kompyuta za zamani zina tatizo lao. Utaratibu wao wa kugawa diski hukubali sehemu kuu nne tu, na baadhi ya watengenezaji walizitumia zote nne. Hapo ndipo sehemu ya kurejeshea huchinjwa ili Linux ipate pa kukaa. Ikiwa hapana budi, ichinjwe baada ya flashi kutengenezwa na kujaribiwa kama kweli inawasha mashine. Hata ikiachwa, kitufe cha kuiitia, kama F11 katika HP nyingi, chaweza kukoma kufanya kazi, kwa kuwa Linux hubadili mlango wa kuwakia.

Lipo pia kufuli la BitLocker, ambalo katika mashine kadhaa huwa limefungwa bila mwenyewe kujua. Mpango wa kuwaka ukibadilika, Windows yaweza kudai namba ya tarakimu 48. Namba hiyo iandikwe mapema katika karatasi na kuwekwa pamoja na vyeti vya nyumbani, mahali ambapo mke ataipata hata kama mumewe yuko lindo la mbali.