Waya Mmoja, Hata wa Nyuma Watasikia

Vijana wenzetu, sisi tunaojitolea kambini tuna neno kuhusu sauti. Wageni wakija kufundisha huleta laptopu nzuri, wanaweka video mbele ya watu themanini, halafu sauti inatoka kwenye vile vispika vidogo vya laptopu. Wa mbele wanasikia. Wa nyuma, na nyuma ndiko wanakaa wamama wenye watoto na wazee, wanaangalia midomo tu. Kisha wote wanatia sahihi kwamba wamefundishwa!

Na palepale kwenye senta kuna redio kubwa ya zamani, spika mbili, imefunikwa kitambaa, inangoja harusi.

Kwa nini tungoje bajeti ya spika mpya? Mtu akienda Kampala apite Nakasero. Si kule juu kwenye mahoteli, ambako warsha ya watu kumi ina maikrofoni tatu. Tunasema chini, upande wa soko, aulizie waya wa kuunga laptopu na redio. Bei ni ya kuongea. Upande mmoja una pini ya milimita 3.5, kama ya hedifoni. Upande wa pili una vichwa viwili: chekundu cha kulia, cheupe cha kushoto. Nyuma ya redio mtafute palipoandikwa AUX. PHONO muiache, hiyo ni ya santuri, sauti itakwaruza. Laptopu iwekwe sauti karibu na mwisho, halafu mpandishe kwenye redio polepole. Ikivuma mmmm, mchomoe chaja, laptopu itumie betri. Mara nyingi inanyamaza.

Wengine watasema Bluetooth. Kwa muziki sawa. Kwa video, mara nyingine mdomo unatangulia na maneno yanakuja nyuma, na spika yenyewe inataka chaji. Waya hautaki chaji.

Kama hamna redio na mnataka kununua iliyotumika, msome nyuma kwanza. Za kutoka Japani nyingi zimeandikwa 100V, na umeme wa Uganda ni 240. Bila transfoma inaungua siku hiyohiyo.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: safari ijayo, kabla karatasi ya sahihi haijazunguka, mtume kijana mmoja akae mstari wa mwisho. Asipoinua mkono kwamba anasikia, msianze.